Sarafu Zilizooshwa kwa Sabuni

Mwezi uliopita watu walinipigia makofi katika ukumbi wa kanisa moja hapa Kisumu, na tangu siku hiyo chakula kinanikwama kooni. Nilikuwa nimealikwa kuzungumza na vijana juu ya pesa na kuweka akiba. Aliyenialika ni kijana wa kanisa anayeitwa Kennedy, ambaye huendesha mafunzo hayo kila likizo. Alikuwa amesikia kwa watu wa rika la mama yake kwamba zamani nilianzisha chama cha akiba cha watoto katika shule moja ya msingi karibu na Obunga. "Mzee, wewe ndiye mwanzilishi," aliniambia kwenye simu. "Sisi tunapita tu kwa barabara uliyochimba." Nilipaswa kukataa pale pale. Badala yake nilipiga pasi koti langu la kijivu, nikaenda. Nilikuta viti vya plastiki, birika kubwa la chai, mandazi ndani ya beseni lililofunikwa gazeti, na vijana kama sitini, nusu yao wameficha simu chini ya meza. Niliwaambia juu ya kubeti. Niliwaambia juu ya mikopo ya simu inayokuja haraka na kuondoka na usingizi wako. Niliwaambia shilingi unayoiweka leo ni mtumishi atakayekufanyia kazi kesho. Nilisema vizuri, sauti ilitoka, waliandika. Hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi: kwamba hata sasa, baada ya miaka yote hii, mdomo wangu bado unajua kazi.

Nilipomaliza, mwanamke mmoja alisimama nyuma. Alikuwa mnene, amefunga kitambaa cha zambarau kichwani, na kando yake alisimama msichana wa miaka kama kumi na tano aliyekumbatia kopo la kakao lenye tundu juu. "Mwalimu Omolo, hunijui?" aliuliza. Nikasema uzee umenichezea macho. Ulikuwa uongo. Nilimjua alipoingia mlangoni. Nilikuwa nimeshamwona mara nyingi sokoni Kibuye, anakouza nguo za mitumba, na kila mara nilizunguka kwa upande wa viazi ili nisipite mbele ya meza yake. "Ni Awino," alisema. "Awino wa mgongo wazi." Vijana walicheka, naye akacheka nao. Kisha akawageukia. "Nyinyi mnacheka, lakini huyu mzee ndiye alinifundisha pesa. Nilikuwa kwa chama chake. Nikakosa Ijumaa tatu, akanikata pesa yote. Yote! Nikalia. Sikwenda sekondari. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kosa siku ya chama, miaka hii yote, na ndiyo maana niko na meza Kibuye na nimejenga." Watu walipiga makofi. Kennedy alipiga makofi kuliko wote. Awino alimsukuma msichana mbele kidogo. "Huyu ni mjukuu wangu, Lavenda. Anasuka watu nywele kila Jumamosi. Januari anaingia gredi ya kumi, hiyo kopo ni ya sanduku na godoro. Sasa amekosa kuweka Ijumaa tatu. Nimemwambia sheria ni sheria, pesa imeenda kwa faini. Amenuna wiki nzima, ananiita mwizi. Mwambie, Mwalimu. Akisikia kwa mdomo wako atakubali." Msichana aliniangalia. Hakuwa na machozi. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kuona kama mkubwa huyu naye ni kama wale wengine.

Ili mtu aelewe nilichomjibu, lazima nieleze mwaka ule. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na cheti cha sekondari kisichong'aa. Nilifundisha bila kusomea ualimu. Watu kama mimi tuliitwa yuti, na neno hilo watoto walilitamka polepole ili tulisikie. Nilipanga chumba cha mabati Obunga, chenye kitanda, jiko la mafuta ya taa, na msumari mmoja ukutani nilikotundika koti langu ndani ya mfuko wa nailoni. Mfuko ulikuwa wa kulilinda dhidi ya harufu. Viwanda vya kando ya ziwa vilikuwa vinatoa minofu ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, na kuipeleka ng'ambo, na kilichobaki, yaani kichwa, mifupa na mkia, kililetwa Obunga. Akina mama walikaanga mifupa hiyo kwenye karai kubwa mpaka ikawa ya rangi ya kahawia, wakaiuza. Huo ndio mgongo wazi. Mafuta yale yalichemka tangu asubuhi, na moshi wake ulishika ukuta, shuka, kalamu, mpaka nywele za mtu. Mimi nilikula mgongo wazi karibu kila jioni kwa ugali, kwa sababu ndio mshahara wangu ulioufikia, na nikauchukia. Nilikula kwa ncha za vidole. Nikimaliza nilinawa mara tatu. Nilijiona mtu aliyepitia hapo akielekea mahali penye harufu nyingine, na mahali hapo palikuwa chuo cha ualimu. Mara mbili nilikuwa nimeomba nafasi, mara mbili nikanyamaziwa.

Hedimasta ndiye aliyenipa chama cha akiba, kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine aliyetaka kubaki shuleni Ijumaa mchana. Watoto walikuwa arobaini na mmoja, wa darasa la nne hadi la nane. Kila mmoja alileta alichopata wiki hiyo: wengine waliteka maji, wengine waliokota mifupa ya kukaanga iliyoanguka njiani kutoka mikokoteni wakaiuza, wengine walikuwa watoto wa walimu na wenye maduka na walipewa tu nyumbani. Niliandika majina kwenye daftari, pesa zikaingia katika kopo la biskuti, kopo likaingia kabatini, ufunguo ukaingia mfukoni mwangu. Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na beseni. Sarafu za watoto wa Obunga ziliteleza kwa mafuta na zilinuka, kwa hiyo niliweka beseni la maji na kipande cha sabuni kwenye dawati la mbele, na kila mtoto alitakiwa kuosha sarafu zake kabla sijazigusa. Watoto wa walimu hawakuambiwa waoshe. Nilipita kwenye mstari nikinusa, kwa kweli nilinusa, na kuelekeza kidole. Awino alikuwa darasa la nane, mama yake alikuwa na karai kubwa kuliko yote ya mtaa, na kidole changu kilimwangukia kila wiki.

"Osha kwanza," nilimwambia.

"Mwalimu, kwani pesa ikinuka samaki, duka inaikataa?"

Darasa likacheka. "Pesa chafu siandiki," nilisema.

"Basi andika yangu kwa penseli, Mwalimu, ikikauka uweke wino."

Walicheka zaidi, na mimi nikacheka kidogo, maana alikuwa na ulimi huyo mtoto. Akaziosha. Aliziosha moja moja, akazipangusa kwa pindo la sketi, akaziweka kiganjani mwangu zikiwa na joto. Alitaka sanduku la bati la rangi ya bluu. Alikuwa ameshalichagua Kibuye, na kila Jumapili baada ya kanisa alienda kulitembelea, hata muuzaji akamzoea na kumwekea kando lisipigwe jua. Hayo aliyaeleza mbele ya darasa kama mtu anayesimulia habari za ndugu yake anayeishi mbali. Nami niliwafundisha kwa moyo, sitasema uongo hapo. Niliamini nilichosema. Watoto waliokuwa wakinunua barafu za rangi kila mchana waliacha. Niliona shilingi ikibadilisha namna mtoto anavyotembea.

Mwezi wa tisa kukawa na harambee nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kando ya ziwa, ya kujenga kanisa la kwao. Aliyekulia Kenya anajua harambee ilivyokuwa. Unaleta bahasha, inafunguliwa mbele ya watu, jina lako linasomwa kwa kipaza sauti pamoja na kiasi. Na ukitaka jina lako lipae, huji peke yako. Unapita kwanza kwa jamaa na wenzako wa kazini, unakusanya, na bahasha inasomwa "fulani na marafiki zake". Mtu mwenye marafiki wengi ni mtu mkubwa. Mgeni rasmi wa siku hiyo alikuwa mheshimiwa mmoja ambaye, mwenyekiti aliniambia akinishika bega, barua yake moja ilitosha kumwingiza mtu chuo cha ualimu. "Lakini lazima akusikie kwanza," alisema. "Asikie jina. Unanielewa, kijana?" Hedimasta naye akaongeza kwamba pesa za watoto zimelala tu kabatini mpaka mwezi wa kumi na moja. Sitamsingizia hedimasta. Yeye alisema zimelala. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo.

Nisingeweza kwenda na sarafu. Nilizitia kwenye mfuko wa sukari, nikazifunga juu ya baiskeli, nikaenda Otonglo ambako hakuna aliyenijua, kwa Mama Wambui, mwanamke aliyetoka Nyeri na kufungua duka la jumla kando ya barabara. Alimwaga sarafu kwenye meza na kuanza kuzipanga.

"Mwalimu, umefungua kanisa?"

"Ni chenji tu, Mama."

Aliinua moja akainusa. "Kanisa gani hii, sadaka yao inanuka sabuni?" Hakucheka. Aliendelea kupanga, kumi kumi, polepole, na alipofika mwisho akashikilia noti bila kunipa. "Hii ni pesa ya watoto. Mtu mzima haoshi pesa." Nilimwambia tunaipeleka benki. Akanipa noti na kugeukia mteja mwingine. Zilikuwa elfu tatu na mia moja.

"Mwalimu Omolo na marafiki zake!" kipaza sauti kilisema, "elfu tatu na mia moja!" Akina mama walipiga vigelegele. Mheshimiwa aligeuza kichwa. Nilisimama, nikapunga mkono, na kwa sekunde zile chache nilikuwa mtu niliyetaka kuwa. Wenye bahasha nzito waliitwa kula chumba cha ndani. Nakumbuka chumba kile kuliko vyumba nilivyoishi: makochi yenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa, kalenda ya kampuni ya mbolea, pazia la maua lililotutenga na ukumbi. Msichana wa umri wa Awino alinimiminia maji ya vuguvugu mikononi. Kulikuwa na wali, chapati, kuku wa kienyeji kwenye mchuzi mzito, na hapakuwa na harufu ya samaki hata kidogo. Nyuma ya pazia nilisikia sauti ya mwenyekiti.

"Huyu yuti ametoa wapi elfu tatu?"

"Marafiki zake," alijibu hedimasta, "ni wa darasa la nne mpaka la nane."

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. "Hao ndio marafiki! Hawaulizi risiti."

"Na ile barua yake?" hedimasta aliuliza.

"Barua gani? Mheshimiwa anaandikia watu wa kwao. Huyu muongezeeni paja, atanyamaza."

Paja la pili lilikuja. Lililetwa kwenye sahani ya udongo yenye ua la waridi ukingoni, likiogelea kwenye mchuzi. Nilikuwa nimesikia kila neno. Ningeweza kusimama, kufungua pazia na kudai bahasha yangu mbele ya watu wote. Wangeona aibu, pengine wangenirudishia. Nililila lile paja. Nililimung'unya mpaka mfupa, nikavunja mfupa na kunyonya. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini, na jibu ninalopata ni la kuchukiza kwa udogo wake: lilikuwa tamu, na nilikuwa sijala kuku tangu Pasaka.

Mshahara wangu wa miezi iliyofuata niliutumia kulipa, lakini sikulipa kwa haki. Siku ya kufunga shule niliwalipa kwanza watoto wa walimu, wa wenye maduka, na wa yule karani wa manispaa aliyekuwa na sauti kubwa. Wakawa ishirini na mmoja. Nilichagua wale ambao wazazi wao wangekuja. Ishirini waliobaki walikuwa wa Obunga, niliwaambia benki imechelewa, wasubiri Januari. Walisubiri. Hakuna aliyenung'unika. Januari, siku tatu kabla ya shule za sekondari kufunguliwa, Awino alibisha kwenye chumba changu na mama yake. Alikuwa amepita mtihani na kuitwa shule ya wasichana ya bweni. Barua ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, kama koti langu. Mama yake alikuwa na kovu jipya la mafuta kutoka kiwiko mpaka kiganja. Alisimama mlangoni asiingie, akiona aibu ya nguo zake.

"Mwalimu, tumekuja kuchukua ile ya sanduku," Awino alisema. "Mia moja sitini na nne. Na senti hamsini, lakini hiyo nimekuachia soda."

Sikuwa na hata mia. Nilichukua daftari, nikajifanya ninasoma, nikiomba karatasi inipe neno. Nikaona kwenye safu yake nafasi tatu tupu. "Hapa umekosa Ijumaa tatu," nilisema. "Mwezi wa sita."

"Mama alichomeka, Mwalimu. Nilikuwa nakaanga mimi."

"Sheria ya chama ni kwamba anayekosa Ijumaa tatu, pesa yake inaenda kwa faini." Hapakuwa na sheria hiyo. Iliumbika mdomoni mwangu wakati nikiisema. Kisha, kwa kuwa aliendelea kunitazama, nilimpa somo. Nilimwambia akiba ni nidhamu. Nilimwambia pesa haitambui ugonjwa. Nilimwambia siku moja atanishukuru. Mama yake hakujua Kiswahili sana. Alimuuliza kwa Dholuo nimesema nini, na Awino akamweleza, na yule mama akainamisha kichwa. Awino alikunja barua yake ikawa ndogo sana. "Pole, Mwalimu," aliniambia. "Ni makosa yangu." Akaniomba msamaha. Aliomba msamaha, akaondoka, na wiki ile nikawapa wengine kumi na tisa faini hiyo hiyo, wawe wamekosa Ijumaa tatu au la, maana sasa sheria ilikuwepo. Kufikia Pasaka nilikuwa nimehama. Chuo sikukiona. Nilifanya kazi ya stoo katika chama cha ushirika mpaka nikastaafu, na katika miaka yote hiyo hapakuwa na mwezi ambao mia moja sitini na nne ingenishinda.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kinywani mwangu ukumbini. Lavenda bado alikuwa amekumbatia kopo. Kennedy alinisogezea kipaza sauti, akitabasamu. Ningeweza kusema maneno mawili, sheria ni sheria, na kwenda nyumbani na heshima yangu, na msichana yule angeamini, kama bibi yake alivyoamini, na siku moja naye angemfanyia mjukuu wake vivyo hivyo.

"Mrudishie mtoto pesa yake," nilisema. "Sheria hiyo haikuwepo. Niliitunga siku ulipokuja. Pesa yenu nilikuwa nimeitoa harambee, kwa jina langu."

Nilidhani watazomea. Nilisikia viti vya plastiki tu vikisogea. Kennedy alishusha kipaza sauti kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kumwagika. Awino hakusogea.

"Harambee ya nini?" aliuliza.

"Ya kanisa."

"Kanisa ilijengwa?"

"Sijui. Sikurudi."

"Na wewe walikupa nini?"

Ningesema hawakunipa kitu. "Kuku," nilisema. "Mapaja mawili."

Kijana mmoja alicheka, mwenzake akamkanyaga. Awino alikaa chini taratibu, akaweka mikono magotini. Niliona anapitia miaka yake moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua nguo za mtumba akitafuta mahali palipochanika. "Mama yangu alikufa akijua mimi ni mzembe," alisema mwishowe, si kwangu hasa. Kisha akamwambia Lavenda, "Shika kopo yako. Ni yako. Mimi ndiyo nilikosea." Msichana alitoka nje na kopo lake bila kumwangalia yeyote. Awino alisimama kumfuata, na mlangoni akageuka. Niliona uso ambao sikuwahi kuuona akiwa mtoto. Hapakuwa na utani ndani yake. "Ijumaa kuja Kibuye," aliniambia. "Usinitumie kwa simu. Lete sarafu."

Nilienda. Safari hii sikuzungukia upande wa viazi. Meza yake ina nguo za watoto, zimepangwa kwa rangi, na nyuma yake kuna stuli. Lavenda alikuwa hapo, shule hazijafunguliwa, ameketi na daftari jipya mapajani. Nilitoa mfuko wangu, mia moja sitini na nne, na nilikuwa nimeongeza senti hamsini ambayo nilihangaika siku mbili kuipata, maana senti haitumiki tena. Awino hakuupokea. Aliinama chini ya meza akatoa beseni la maji na kipande cha sabuni, akaviweka juu ya nguo za watoto, mbele ya wateja wote.

"Osha kwanza," alisema.

Nikaosha. Nilikunja mikono ya koti, nikaziosha moja moja, wapita njia wakisimama kuangalia mzee anaosha pesa sokoni. Hazikuwa na harufu yoyote. Lavenda alizihesabu zikiwa bado na maji na kuandika jina la bibi yake, kisha chini yake akaanza kuandika majina mengine aliyokuwa akisomewa na Awino: Atieno wa Otonglo, Ochieng' fundi baiskeli, Apiyo aliyeolewa Bondo. Yalifika kumi na tisa. Niliinua beseni nikamwage maji mtaroni, na Awino akanishika mkono.

"Wacha hayo maji hapo," alisema. "Nimewaita wengine."